Je, askari wa Kirumi walilipwa chumvi? Jibu kuhusu asili ya neno "salary"

Swali: "Ninaandaa kijitabu cha kuwapokea wafanyakazi wapya katika shirika letu. Ukurasa wa mishahara nilitaka kuufungua kwa kisa nilichokisikia kwenye semina, kwamba neno la Kiingereza salary linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya chumvi, kwa kuwa askari wa Kirumi walilipwa chumvi badala ya fedha, na enzi hizo chumvi ilikuwa na thamani sawa na dhahabu. Mwenzangu wa uhasibu amesoma mahali kwamba kisa chote ni uzushi na kwamba neno hilo halihusiani kabisa na chumvi. Mwingine akaongeza kuwa hata soldier linatokana na chumvi. Binti yangu wa kidato cha pili naye amefundishwa habari hiyohiyo ya askari darasani. Nani mkweli, na niandike nini?"

Umeleta maswali mawili yaliyofungwa katika mzigo mmoja, na nadhani ubishi wenu wa ofisini unaendelea kwa sababu hakuna aliyeufungua. Swali la kwanza ni la neno: je, salary limezaliwa na chumvi? Swali la pili ni la historia: je, askari wa Kirumi alipopanga foleni siku ya malipo alipewa chumvi? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, na hapo mwenzako wa uhasibu amekosea. Jibu la swali la pili ni kwamba hakuna hata andiko moja la Kirumi lililobaki linalosema askari walilipwa chumvi, ilhali yapo maandishi mengi yanayoeleza walivyolipwa kwa sarafu. Hapo aliyekosea ni mtoa mada wa semina yako. Ninaelewa kwa nini makosa haya mawili huzaana: mtu akishagundua kwamba kisa cha askari hakina ushahidi, hukitupa pamoja na chumvi yenyewe.

Tuanze na safari ya neno. Waingereza walilipata salary katika karne ya 14 kutoka Kifaransa kilichozungumzwa Uingereza baada ya utawala wa Wanormani, na Kifaransa hicho kilikuwa kimelitoa katika neno la Kilatini salarium. Salarium nalo limejengwa juu ya sal, yaani chumvi. Angalia kwamba neno salt la Kiingereza halikutokana na sal. Hayo ni maneno ndugu, pamoja na hals la Kigiriki, yaliyorithiwa kila moja kwa njia yake kutoka lugha moja ya kale sana. Salt ni mwenyeji wa tangu zamani katika Kiingereza, na salary ni mgeni aliyeingia baadaye kwa mlango wa Kifaransa. Wageni wengine wa ukoo huohuo wa sal unawajua, kwa sababu wameshafika hadi jikoni kwetu: saladi, ambayo hapo awali ilikuwa mboga iliyotiwa chumvi, na vilevile sosi na soseji. Usiyachanganye haya na salute wala salvation, ambayo ni ya ukoo wa salus, yaani uzima au usalama; na salamu yetu ni ya Kiarabu, haimo kabisa katika ukoo huu. Maneno yanayofanana kwa sauti hudanganya mno, na ninashuku kwamba zaidi ya nusu ya barua ninazopata huanzia hapo.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo, ambacho ni kile kipande cha mwisho cha neno, -arium. Katika Kilatini ukichukua jina la kitu ukaliongezea kiambishi hicho, unapata neno lenye maana ya "kinachohusu kitu hicho", na neno hilo likisimama peke yake katika mambo ya malipo, humaanisha fedha iliyotajwa kwa ajili ya kitu hicho. Warumi walikuwa na rundo zima la maneno ya namna hii. Vestiarium ilikuwa fedha ya mavazi. Clavarium, kutoka clavus, yaani msumari, ilikuwa fedha ya misumari ya kupigilia chini ya viatu vya askari. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anasimulia jinsi wanajeshi walivyoidai kwa kelele katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 69 BK. Calcearium ilikuwa fedha ya viatu, na juu yake Suetonius, mwandishi wa maisha ya Makaisari, ametuachia kisa ambacho mimi hukipenda kuliko kile cha chumvi. Mabaharia wa jeshi waliokuwa wakipokezana kwenda Roma kwa miguu kutoka Ostia na Puteoli walimwomba Kaisari Vespasianus awape fedha ya viatu, maana safari zinawamalizia soli. Vespasianus, ambaye ubahili wake ulijulikana na kila mtu, hakutoa hata senti. Aliamuru kwamba kuanzia siku hiyo waende peku, na Suetonius anasema wakawa wanaenda hivyo.

Ukilisoma salarium ukiwa umeyaweka maneno haya pembeni yake, maana yake inakaa vizuri: ni fedha ya chumvi, kama vile calcearium ni fedha ya viatu. Hakuna anayedai kwamba mabaharia wale walitaka kulipwa mishahara yao kwa jozi za viatu. Jina linataja kile ambacho fedha inasemekana kuwa ya kukinunulia, na halitaji kile kilichotiwa mkononi mwa mpokeaji.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tungepaswa kuwa watu wa mwisho kutatizwa na jambo hili, kwa sababu lugha yetu imejaa malipo ya aina hiyo. Chukua posho. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 alipewa posho, yaani chakula chake cha kila siku, na pale ambapo msafara haukubeba nafaka ya kutosha alipewa kipande cha merikani au shanga akajinunulie chakula kijijini. Nchini Uganda mpaka leo ukiagiza posho hotelini unaletewa ugali, na nchini Kenya mashine ya kusaga mahindi inaitwa ya posho. Huku kwetu mtu akisema amechukua posho ya kikao, anazungumzia noti. Mwanahistoria wa miaka elfu mbili ijayo akiandika kwamba wabunge wa Afrika Mashariki walilipwa unga wa mahindi kwa kila kikao, atakuwa amefanya kosa lilelile la semina yako, tena kwa kujiamini kulekule. Au nenda kwenye posa za pwani, ambako bwana harusi hutoa kilemba, mkaja na ubeleko. Kilemba ni cha kichwani, mkaja ni wa kufunga tumbo la mzazi, ubeleko ni wa kumbebea mtoto mgongoni. Lakini mshenga akija kukutajia kiwango, utatafuta pochi, hutatafuta duka la nguo.

Kisa cha askari kilitoka wapi, basi? Mara nyingi kinasimamishwa juu ya ushahidi wa Plinius Mkubwa, mwandishi aliyekamilisha kazi yake kubwa kuhusu viumbe na mali za dunia mnamo mwaka 77, miaka miwili kabla ya kufa katika mlipuko wa mlima Vesuvius. Katika kitabu cha 31 cha kazi hiyo anaisifu chumvi. Anasema maisha ya kistaarabu hayawezekani bila chumvi, kwamba hata furaha na vichekesho vya akili huitwa sales, yaani chumvi, na kwamba chumvi imeingia pia katika vyeo na utumishi wa kijeshi, "ndipo salaria (wingi wa salarium) zikapata jina". Kisha anataja barabara ya Via Salaria, iliyoitwa hivyo kwa sababu chumvi ilipelekwa kwa Wasabini, majirani wa Roma, kupitia njia hiyo. Basi. Plinius anatuambia kwamba jina linatokana na chumvi, na kwamba salaria ilihusu vyeo na jeshi. Hasemi kwamba askari alimiminiwa chumvi kwenye gunia. Cha kushangaza ni kwamba katika sehemu hiyohiyo anataja mtu aliyegawa chumvi kweli: mfalme Ancus Marcius wa enzi za kale za Roma, ambaye, kwa maelezo yake, aliwapa watu modii (vipimo vya Kirumi) 6,000 za chumvi na kuanzisha mashamba ya chumvi. Lakini hiyo ilikuwa zawadi ya mfalme kwa raia. Kama angelijua habari ya askari kulipwa chumvi, hapo ndipo pangekuwa mahali pake pa kuitaja, na hakuitaja. Wasomi wa nyakati za baadaye ndio waliojaza pengo: kamusi maarufu ya Kilatini kwa Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1879 ilieleza salarium kuwa fedha waliyopewa askari ya kununulia chumvi, na kutoka "fedha ya kununulia chumvi" mpaka "walilipwa chumvi" ni hatua moja fupi ya ulimi.

Jambo ambalo wasimulizi wa kisa hiki hulisahau kabisa ni kwamba katika maandishi ya karne za kwanza BK salarium kwa kawaida ni fedha ya wakubwa. Suetonius anasema Kaisari Tiberius aliwalisha watu walioandamana naye safarini lakini hakuwahi kuwapa salarium. Maana yake ni kwamba chakula kilikuwa kitu kimoja na salarium kitu kingine. Anasema pia kwamba Nero aliwawekea masenata wa koo kubwa waliofilisika salarium ya kila mwaka, na baadhi yao walifikia sesterti 500,000. Sesterti 4 zilifanya dinari 1, kwa hiyo hizo ni dinari 125,000 kwa mwaka, wakati askari wa kawaida wa lejioni, yaani kikosi kikuu cha jeshi la Roma, alipata dinari 225. Mkubwa mmoja asiye na kazi alikuwa akichukua malipo ya askari zaidi ya 550. Tacitus naye anaeleza kwamba mkwewe, Agricola, alipokataa kwenda kutawala jimbo, Kaisari Domitianus hakumpa ile salarium ambayo kwa desturi hutolewa kwa gavana. Kwa maneno mengine, lilikuwa neno la heshima, mahali fulani kati ya posho na takrima, na hakuna hata mmoja kati ya hawa ambaye angelifurahia kuletewa mkokoteni wa chumvi mlangoni.

Malipo ya askari yaliitwa stipendium, kutoka stips, yaani sarafu ya kutolewa, na pendere, yaani kupima kwa mizani. Ndiyo asili ya stipend ya leo. Yalitolewa kwa awamu 3 kwa mwaka hadi Domitianus alipoyapandisha kufika dinari 300. Nasi hatubahatishi, kwa sababu ipo hati ya malipo ya askari iliyoandikwa juu ya mafunjo nchini Misri mwaka 81, ambayo leo imehifadhiwa Geneva. Mhasibu mwenzako ataipenda. Askari huyo, Quintus Julius Proculus, ameandikiwa drakma (fedha iliyotumika Misri) 248 kwa awamu ya kwanza, kisha yanafuata makato: nyasi kavu 10, chakula 80, viatu na kamba za kufungia miguu 12, sikukuu ya Saturnalia kambini 20, mavazi 60. Jumla ya makato ni 182, na kilichobaki ni 66, ambacho kimeongezwa kwenye akiba yake ya zamani. Mstari wa chumvi haupo. Kama alikula chumvi, na bila shaka alikula, basi imo ndani ya zile 80 za chakula, pamoja na ngano yake. Kwa hiyo mwelekeo ulikuwa kinyume cha kisa cha semina: askari hakulipwa kwa chakula, bali alikatwa fedha yake ili kukilipia chakula.

Kuhusu thamani ya dhahabu nitapita haraka. Mwaka 301 Kaisari Diocletianus alitoa amri ya bei za juu kabisa za bidhaa, na nakala zilizochongwa kwenye mawe zimesalia. Pishi moja ya kijeshi ya chumvi ilipangiwa dinari 100, sawasawa na pishi ya ngano. Chumvi ilikuwa muhimu, dola iliitoza kodi, barabara zilipewa jina lake. Lakini ilinunuliwa kwa bei ya nafaka. Fikiria pia kwa jicho la mtu wa sokoni: kambi yenye watu wapatao 5,000, wote wamelipwa chumvi siku moja. Nani atamuuzia nani?

Haki inanitaka niseme kwamba kulipana kwa chumvi si jambo lisilowezekana. Ethiopia ilitumia vipande vya chumvi vilivyokatwa katika jangwa la Danakil, viitwavyo amole, kama fedha hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Karibu zaidi na sisi, chumvi ya Uvinza ilisafiri mbali na kubadilishwa kwa bidhaa nyingine. Tofauti ni kwamba kwa Waethiopia tunayo maelezo ya watu walioona, wakapokea na kutumia, na kwa jeshi la Roma hatuna.

Yapo basi maelezo matatu ya jina salarium, na nitakuambia ninavyoyapima. La kwanza ni kwamba zamani sana, kabla ya maandishi tuliyonayo, watumishi wa dola walipewa chumvi yenyewe kama sehemu ya chakula chao, kisha fedha ikachukua nafasi yake na jina likabaki. Hili linawezekana, na ndivyo posho ilivyofanya, lakini kwa Roma ni dhana tupu. La pili ni kwamba tangu mwanzo ilikuwa fedha iliyosemwa kwa adabu kuwa ya chumvi, kama sisi tunavyosema hela ya sabuni au ya chai ilhali kila mtu anajua haitaishia kwenye sabuni wala chai. La tatu ni lile la askari kulipwa chumvi badala ya fedha. Mimi huegemea la pili, kwa sababu ya wale ndugu zake wa viatu, misumari na mavazi. La kwanza silikatai. La tatu nisingelichapisha.

Soldier haina chumvi hata chembe. Kaisari Constantinus, mwanzoni mwa karne ya 4, alianzisha sarafu ya dhahabu iitwayo solidus, yaani "imara, kamili", iliyopigwa 72 kutoka ratili moja ya dhahabu, kila moja ikiwa na uzito wa takriban gramu 4.5. Jina la sarafu hiyo likapita katika Kifaransa cha kale likawa neno la malipo ya kijeshi, na mpokeaji wa malipo hayo akaitwa kwa jina lililozaa soldier. Solid ya Kiingereza ni ndugu yake. Kwa hiyo mwenzenu wa tatu amepatia kwamba askari ameitwa kwa malipo yake, ila amekosea dukani.

Sasa kijitabu chako. Kama unataka kuihifadhi chumvi, andika hivi: "Neno la Kiingereza salary linatokana na salarium la Kilatini, lililoundwa kutokana na sal, yaani chumvi; kwa Warumi lilikuwa jina la fedha waliyopewa watumishi wa dola, kama sisi tunavyosema posho." Sentensi hiyo utaitetea mbele ya yeyote. Ila ningekuuliza kwanza kwa nini kijitabu cha Kiswahili, kwa wafanyakazi wanaosoma Kiswahili, kifunguliwe kwa neno la Kiingereza. Kichwa cha ukurasa wako ni mishahara, na mshahara una asili yake: umetoka katika Kiarabu, mushahara, malipo ya mwezi kwa mwezi, kutoka shahr, yaani mwezi. Ujira nao ni wa Kiarabu, lakini haukufungwa na mwezi. Kibarua wa siku moja hupata ujira, hasemi amepata mshahara. Kwa mfanyakazi mpya anayetaka kujua atalipwa lini, neno mshahara limekwisha kumjibu, jambo ambalo salary haliwezi.

Kwa binti yako, usimwagize akamkosoe mwalimu mbele ya darasa. Mpe hati ya Proculus na makato yake, aende akaulize kwa upole chumvi iko mstari gani.

Kama kijitabu kitachapishwa kwa wingi, au kama ubishi wa ofisini utaendelea, usitegemee jibu langu peke yake. Maelezo ya Plinius yamo katika kitabu cha 31, na anayesoma Kilatini atakufasiria kifungu hicho kwa dakika chache. Katika miji yetu mingi watu hao wapo kwenye seminari za Kikatoliki, na padri mzee aliyesoma zamani hufurahi sana kuulizwa. Kwa asili ya maneno ya Kiswahili utakayoyaongeza, nenda mwenyewe Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukiwa na orodha yako mkononi. Na ile sehemu ya kijitabu inayotofautisha mshahara, ujira na posho mpelekee mwanasheria wa kazi kabla haijafika kwa mchapaji, kwa sababu hapo maana ya neno haiamuliwi tena na Kilatini wala Kiarabu, inaamuliwa na mkataba.